Safari ya Milimani Ikikatizwa: Namna ya Kuipanga Upya

Maneno ya somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Soma polepole. Mahali pagumu rudia mara ya pili. Mwisho yako maneno ya kujifunza na maswali ya kujibu.

 Ninyi nyote mliokusanyika darasani huko Bungu, na ninyi wa Kibiti, wa Ikwiriri na wa visiwa vya delta, kaeni vizuri. Kila mtu awe na daftari na kalamu yake. Mwalimu, tafadhali tundika ramani ya Tanzania ukutani, mahali ambapo hata wazee walio nyuma wataiona.

Leo tutazungumza habari za safari. Safari tunayoisema ni ya mapumziko, safari ya kwenda kuona nchi.

Tuseme darasa lenu limeweka akiba mwaka mzima. Mko watu 20, wake kwa waume. Huyu ameuza korosho, yule ameuza mihogo, mwingine amesuka mikeka. Mmekubaliana kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara. Mnataka kuonja baridi ya kule, na kusimama juu ya jabali la Irente mkiitazama nyika iliyo chini kabisa. Bungu ni nchi tambarare. Wako kati yenu watu wazima wenye wajukuu ambao hawajapata kukanyaga mlima, na safari hii wameingoja kama mtoto anavyoingoja Idi.

Sasa zimebaki siku tatu. Nguo zimefuliwa, gari limekodiwa. Mara redio inatoa habari: mvua kubwa imenyesha Usambara, udongo na mawe yameporomoka, barabara ya kupanda Lushoto imezibika.

Mtafanya nini? Hilo ndilo somo letu.

1. MAMBO YALIYOTOKEA KWELI

Mfano wa Lushoto ni wa kujifunzia tu. Lakini mambo ya namna hiyo hutokea. Sikilizeni matatu yaliyotokea kweli.

La kwanza. Tazameni ramani, mtafute mkoa wa Manyara. Huko kuna mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Wageni huja kuupanda. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya mlima ule ilimeguka. Mvua ilikuwa imenyesha sana, maji yakaingia ndani ya miamba dhaifu na udongo, hata sehemu ile haikuweza kujishikilia tena. Tope, mawe na miti viliteremka pamoja mpaka mji wa Katesh na vijiji vilivyo chini ya mlima. Watu zaidi ya 80 walikufa.

Siku ile Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa safarini Dubai, katika mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi. Alikatiza safari yake akarudi nyumbani, kisha akaenda Katesh kuwaona waliofikwa na msiba. Basi fikirini: ikiwa mtu aliye katika kazi ya nchi hukatiza safari, sembuse sisi tunaokwenda kupumzika?

La pili. Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliwaka katika mlima Kilimanjaro, upande wa njia ya Marangu. Watu wengi walipanda kwenda kuuzima, na kazi ile ilichukua siku nyingi. Lakini kumbukeni kwamba Kilimanjaro ina njia kadhaa za kupandia. Iko Marangu, iko Machame, iko Rongai, na nyingine. Mtu aliyesikia kwamba Kilimanjaro inaungua ilimpasa aulize: ni upande gani? Mlima ni nchi nzima. Huenda upande mmoja una moto na upande wa pili uko salama.

La tatu mnalijua kuliko mimi. Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika. Maji yaliingia nyumbani na mashambani mwa watu katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Kabla watu hawajatulia, tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Barabara iendayo Lindi na Mtwara ilikatika mahali kadhaa. Abiria walikwama njiani, wengine wakienda harusini, wengine wakienda msibani.

2. HEKIMA YA MLAU

Ndugu zangu, kazi hii ya kupanga upya si ngeni kwenu. Watu wa bonde la Rufiji wanaijua tangu zamani, nayo ina jina. Jina lake ni mlau.

Mkulima wa bondeni hupanda mpunga akijua kwamba mto huenda ukaja kuuzamisha. Ukiuzamisha, haachi kulima. Hungoja. Maji yakipungua, ardhi inabaki na unyevu na rutuba mpya, naye hupanda mahindi, kunde na maboga. Hicho ndicho kilimo cha mlau.

Tazameni mambo matatu katika mlau. Kwanza, mkulima hapandi wakati maji yangali juu. Hungoja yaondoke. Pili, huwa ameweka mbegu nyingine nyumbani. Hakuzitupa zote shambani mara moja. Tatu, habadili nia yake ya kulisha watoto, bali hubadili zao na siku ya kupanda.

Safari iliyoharibiwa na mvua hupangwa upya vivyo hivyo. Ngojeni maji yaondoke. Msitumie fedha yote kabla ya kuondoka. Shikeni nia yenu, mbadili siku, au njia, au mahali.

3. ULIZENI KWANZA

Habari mbaya ikija, msikimbilie kuamua. Kaeni kikao, mwulizane maswali matatu.

Swali la kwanza: watu wa kule wako salama? Mnao wenyeji waliokuwa wakiwangojea. Wapigieni simu, muwape pole kabla ya kuuliza habari za vyumba. Huo ndio utu, na pia ndiyo njia ya kupata habari za kweli, kwa sababu mtu aliye kule anaona kwa macho yake.

Swali la pili: njia ikoje, na mlima ukoje? Hapa angalieni mnamwuliza nani. Mwenye gari anataka nauli yake. Huenda akasema njia ni nzuri. Ulizeni polisi, ulizeni Wakala wa Barabara, yaani TANROADS. Sikilizeni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA. Mamlaka hii hutumia maneno yanayopanda kama ngazi. Neno la kwanza ni ANGALIZO. Linalofuata ni TAHADHARI. La juu kabisa ni TAHADHARI KUBWA. Yaandikeni katika madaftari sasa hivi, kwa herufi kubwa. Mtu anayeweza kuyasoma maneno hayo matatu ana ngao mkononi.

Siku hizi habari nyingi huja kwa simu, zikipita kutoka mtu hadi mtu. Mkipokea habari ya namna hiyo, tafuteni vitu viwili: tarehe na jina la mahali. Habari isiyo na tarehe huenda ni ya mwaka juzi. Habari isiyo na mahali huenda ni ya nchi nyingine. Msiitumie kuamulia safari.

Swali la tatu: tulikuwa tunakwenda kwa sababu gani? Kila mtu aseme lake. Mmoja atasema, "Mimi nataka kuona mlima tu, wowote." Mwingine atasema, "Mimi nina dada yangu Lushoto, sijamwona miaka tisa." Watu hawa wawili hawawezi kupewa dawa moja. Wa kwanza anaweza kwenda mlima mwingine. Wa pili hawezi kubadilishiwa mahali. Wake ni kungoja. Mkijua nia ya kila mtu, mgogoro utapungua nusu nzima.

4. MAMBO YASIYOBISHANIWA

Yako mambo ambayo kikao hakiyapigii kura.

Msivuke maji yanayopita juu ya barabara, kwa gari wala kwa miguu. Hamwoni chini yake. Huenda lami imekwisha kuliwa na maji, pamebaki shimo.

Msipite penye maporomoko mapya kwa sababu tu mvua imeacha. Mvua kuacha si mlima kutulia. Maji yaliyoingia ardhini huendelea kuifanya nzito, na mlima unaweza kuporomoka jua likiwaka. Mkiona nyufa mpya ardhini, miti au nguzo zilizoinama, au kijito kilichogeuka ghafula kuwa tope, ondokeni mahali hapo upesi. Msikimbie kufuata bonde la kijito, maana tope hupita huko huko. Nendeni pembeni, mahali palipoinuka.

Msimsikilize dereva anayesema anajua njia ya mkato. Barabara ya lami ya kupanda Lushoto inatoka Mombo na kupita Soni, nayo ina kona nyingi, mlima huku na korongo kule. Ikiwa hiyo imefungwa, njia ya mkato yenye utelezi haitakuwa bora.

Na msiende kutazama msiba wa watu kama ngoma. Mahali palipofikwa na maafa, barabara inatakiwa kwa magari ya kuokoa. Mgeni asiye na kazi anazuia njia, anakula chakula kilicho haba, na anahitaji kulindwa. Kama mnataka kusaidia, tumeni msaada kwa wanaoupokea rasmi.

Mkikutwa na hatari mkiwa njiani, namba ya simu ya polisi ya dharura ni 112. Ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ziandikeni nyuma ya daftari.

5. NJIA TATU ZA KUPANGA UPYA

Sasa tumefika kwenye kuamua. Mnaweza kubadili siku, au njia, au mahali.

Kubadili siku. Hii mara nyingi ndiyo njia bora. Pwani yetu na milima ya kaskazini mashariki zina mvua za masika, Machi hadi Mei, na mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu zaidi. Lushoto wakati huo kuna baridi kali kwa mtu wa pwani. Basi chukueni sweta na mablanketi. Wazee wetu walisema: kawia ufike.

Kubadili njia. Hii inafaa tu ikiwa mahali penyewe ni salama na kilichoharibika ni barabara moja. Ulizeni kwa watu wa serikali, si kwa mpiga debe.

Kubadili mahali. Tazameni ramani tena. Kutoka Bungu mnafika Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam, tangu mwaka 2024, kuna treni ya umeme ya reli ya kisasa inayofika Morogoro. Mji wa Morogoro uko chini ya milima ya Uluguru. Mtu anaweza kukaa mjini akauona mlima bila kuupanda. Lakini angalieni: mvua ya masika haichagui. Ikinyesha sana Usambara, huenda inanyesha Uluguru pia. Ulizeni hali ya huko kama mlivyouliza ya Lushoto. Na wale wanaotaka hewa ya msituni kwa fedha kidogo wana vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, humu humu mkoani Pwani.

Tena, mkishabadili mahali, msiwasahau wenyeji wa mahali pa kwanza. Watu wengi wa milimani hupata riziki kwa wageni: wenye nyumba za kulala, wapishi, wanaoongoza watu njia, wauza mboga na matunda kando ya barabara. Maafa yanapokwisha, hupata hasara ya pili, kwa sababu wageni hubaki na hofu mwaka mzima. Barabara ikifunguliwa na mlima ukitulia, kwenda kwenu ni msaada pia.

6. HESABU

Fungueni ukurasa mpya. Tutafanya hesabu ya mfano.

Watu 20, kila mmoja ametoa Sh. 60,000. Jumla ni Sh. 1,200,000.

Mmetoa arubuni ya gari Sh. 300,000, na arubuni ya vyumba Sh. 200,000. Zote pamoja ni Sh. 500,000. Kwa mtunza fedha zimebaki Sh. 700,000.

Hesabu ya kwanza: mnavunja safari kabisa, wala hamrudishiwi arubuni. Mmepoteza Sh. 500,000. Gawa kwa watu 20: kila mtu amepoteza Sh. 25,000.

Hesabu ya pili: mnabadili siku. Mwenye nyumba anakubali. Mwenye gari anakata Sh. 100,000. Gawa kwa watu 20: kila mtu amepoteza Sh. 5,000, na safari bado ipo.

Hesabu ya tatu: mnalazimisha kwenda. Mnafika Mombo, njia imefungwa. Mnalala pale siku mbili, na kila mtu anatumia Sh. 15,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Watu 20, mara 15,000, mara siku 2, ni Sh. 600,000. Katika ile Sh. 700,000 imebaki Sh. 100,000. Mwenye gari bado anadai salio lake. Mlima hamjauona.

Hatari ya mwili hatukuitia katika hesabu, kwa sababu haina bei. Lakini hata kwa fedha tu mnaona ni ipi iliyo njema. Mara nyingi watu hulazimisha safari wakisema, "Fedha yetu itapotea." Kalamu inaonyesha kwamba kulazimisha ndiko kunakoipoteza zaidi.

7. DAFTARI NA BARUA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha ya watu 20 ni jambo zito. Safari ikivunjika bila maandishi, watu watamshuku mtunza fedha, na darasa lililochukua miaka kujengwa litavunjika kwa siku moja. Kwa hiyo katibu aandike: tarehe ya kikao, waliohudhuria, lililoamuliwa, na fedha iliyobaki. Anayetaka kurudishiwa sehemu yake, kwa kuwa ana mgonjwa au ana shida, apewe kwa haki, atie sahihi au dole gumba. Asichekwe.

Kisha andikeni barua, hata kama mmekwisha kusema kwa simu. Maneno ya simu husahauliwa. Huu ni mfano:

Darasa la Kisomo,
Bungu, Wilaya ya Kibiti.
9 Aprili

Kwa Mwenye Nyumba ya Wageni,
Lushoto.

Salamu sana, na poleni kwa maafa ya mvua. Tunatumaini wewe na jamaa yako mu wazima.

Sisi ni watu 20 tulioagiza vyumba kwa tarehe 12 mpaka 14 Aprili. Tulitanguliza Sh. 200,000 tarehe 2 Machi, na stakabadhi tunayo.

Kwa sababu barabara imezibwa, hatuwezi kuja siku hizo. Tunaomba fedha yetu ikae kwako, nasi tuje tarehe 11 mpaka 13 Julai. Ikiwa haiwezekani, tafadhali tuandikie utaturudishia kiasi gani, na lini.

Tafadhali tujibu kabla ya tarehe 30 Aprili.

Wako,
Katibu wa Darasa.

Itazameni barua hii. Imeanza na pole. Imetaja idadi ya watu, tarehe na fedha. Imeeleza sababu kwa maneno machache. Imeomba jambo moja wazi, na imeweka siku ya kujibiwa. Haina matusi wala vitisho. Kwa gari pia andikeni kama hivi, baada ya kusoma masharti yaliyo kwenye karatasi ya mkataba. Weka nakala ya kila barua katika faili la darasa.

Ndugu wasikilizaji, mlima utakuwepo Julai kama ulivyokuwapo Aprili. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba watu 20 wale wale, na urafiki wao ule ule, watakuwepo wa kuupanda.

MANENO YA KUJIFUNZA

Maporomoko: udongo au mawe yanayoteremka kwa nguvu kutoka juu.
Arubuni: fedha inayotangulizwa ili uwekewe kitu.
Stakabadhi: karatasi ya kushuhudia kwamba umelipa.
Kuahirisha: kusogeza jambo mpaka siku nyingine.
Maafa: msiba mkubwa unaowapata watu wengi pamoja.

MASWALI

1. Ni mambo gani matatu tunayojifunza kwa mkulima wa mlau?
2. Umepokea habari ya mafuriko kwa simu. Utatafuta vitu gani viwili kabla ya kuiamini?
3. Andika kwa ngazi, kutoka chini kwenda juu, maneno matatu ya Mamlaka ya Hali ya Hewa.
4. Watu 15 wametoa Sh. 40,000 kila mmoja. Arubuni isiyorudishwa ni Sh. 150,000. Safari ikivunjwa, kila mtu atarudishiwa kiasi gani?
5. Andika barua fupi kwa mwenye gari, ukimwomba kubadili siku ya safari. Mwalimu ataisoma darasani.

Fanyeni kazi hiyo pamoja, anayejua amsaidie asiyejua. Kwa herini, mpaka somo lijalo.